Kwa nini breki mpya hukataa gari la zamani

WAHENGA walinena kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Usemi huo huwapata sawasawa wamiliki wa magari ya zamani wanaoamua kuyafungia breki za kisasa. Wapo wanaotoka gereji wakiwa na furaha, kisha hurejea baada ya siku mbili na gari linalonuka kuungua, linalovuta upande mmoja, au ambalo pedali yake inazama hadi sakafuni.

Hapo ndipo lawama huanza. Mwenye gari humlaumu fundi, fundi humlaumu muuza vifaa, na muuza vifaa hudai kwamba mali yake ni nzima. Mara nyingi muuza vifaa husema kweli. Kifaa kipya ni kizima, ila kimefungwa pamoja na vifaa vya zamani ambavyo havikubuniwa kufanya kazi nacho.

Breki ni mfumo mmoja unaoanzia kwenye unyayo wa dereva na kuishia pale tairi linapogusa barabara. Kubadilisha sehemu moja ya mfumo huo ni kuzibadilishia kazi sehemu nyingine zote. Asiyelitambua hilo atanunua kifaa baada ya kifaa bila kupata nafuu, na hatari yake huonekana mahali pabaya kuliko pote, yaani katikati ya mteremko mrefu kama ule wa kutoka Lushoto kushuka Mombo.

Mfano wa Beetle

Gari linalofaa kuwa mfano ni Volkswagen Beetle, lile lenye umbo la kobe. Ni gari lililojijengea jina Afrika Mashariki, na mwaka 1962 lilishinda mashindano ya Safari. Liliendelea kutengenezwa hadi Julai 2003, la mwisho lilipotoka kiwandani Puebla, Mexico.

Kwa miaka mingi Beetle lilisimamishwa na breki za dramu katika magurudumu yote manne. Mwaka 1966 modeli ya 1500 iliingia katika masoko kadhaa ya Ulaya ikiwa na breki za diski mbele. Tangu wakati huo wenye magari ya awali wamekuwa wakitafuta vifaa vya modeli za baadaye, au vilivyotengenezwa kwa kuigwa, ili nao wapate diski.

Shauku hiyo ina sababu ya haki. Dramu hufunika joto ndani yake, na inapopata moto hutanuka na kuvikimbia viatu vya breki, hivyo pedali hushuka zaidi na nguvu ya kusimama hupungua. Diski iko wazi kwenye upepo, hupoa upesi, na hata ikilowa maji hukauka baada ya mizunguko michache.

Hata hivyo, kabla ya kufungua hata nati moja, ni lazima kuhakikisha kwamba vifaa vinaingiliana. Mwaka 1965 kiwanda kilibadilisha muundo wa viungo vya ekseli ya mbele ya gari hilo. Aidha, magurudumu ya Beetle za awali hufungwa kwa bolti tano, ilhali ya zile za kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 hufungwa kwa bolti nne. Baadhi ya rimu za zamani nazo hugusa kalipa. Rimu inapaswa kujaribiwa na kuzungushwa kwa mkono kabla ya kulipia chochote kisichorudishwa dukani.

Magurudumu yanapokataa kuachia

Dalili inayojitokeza zaidi ni magurudumu ya mbele kubaki yamebanwa baada ya dereva kuondoa mguu kwenye pedali. Gari huwa zito, habu huwa za moto, na harufu ya kuungua husikika.

Chanzo chake mara nyingi ni masta silinda ya zamani. Masta silinda nyingi za breki za dramu zina vali ndogo inayobakiza shinikizo kidogo ndani ya mabomba hata pedali inapoachiwa. Shinikizo hilo husaidia mipira ya silinda za magurudumu kubana vizuri ili hewa isiingie. Halizuii gurudumu kuzunguka kwa sababu ndani ya dramu zipo springi zenye nguvu zinazovirudisha viatu mahali pake.

Kalipa ya diski haina springi za namna hiyo. Pistoni yake hurudishwa na mpira unaoizunguka, tena kwa sehemu ndogo tu ya milimita. Kwa hiyo shinikizo lile dogo, lililokuwa halina madhara kwenye dramu, hutosha kuzibana pedi kwenye diski safari nzima. Joto hupanda hadi mafuta ya breki huchemka, na mvuke wake hufanya pedali izame ghafla bila gari kusimama.

Fundi asikimbilie kununua masta silinda nyingine kabla ya kuthibitisha. Gari likiwa limenyanyuliwa na kuwekwa juu ya stendi imara, na magurudumu yaliyo chini yamewekewa vizuizi, pedali ikanyagwe na kuachiwa, kisha gurudumu lizungushwe kwa mkono. Likiwa zito, hatua zifuatazo zitamwelekeza kwenye chanzo.

Kwanza, achunguze fito inayosukuma pistoni ya masta silinda. Katika Beetle panatakiwa kuwa na nafasi ya takriban milimita moja kati ya fito na pistoni. Nafasi hiyo ikikosekana, tundu dogo linaloyarudisha mafuta kwenye chombo chake hubaki limezibwa, na mafuta yakipata joto na kutanuka hukosa pa kwenda.

Pili, kama nafasi ipo, alegeze bomba pale linapotokea kwenye masta silinda. Gurudumu likiachia papo hapo, shinikizo lilikuwa limefungiwa na masta silinda yenyewe, na dawa ni kuweka ile iliyotengenezwa kwa ajili ya diski mbele na dramu nyuma.

Tatu, gurudumu lisipoachia, akaze bomba hilo na kufungua skrubu ya kutolea upepo kwenye kalipa. Likiachia hapa, kizuizi kiko katikati, na mara nyingi ni mpira wa breki uliovimba kwa ndani ingawa kwa nje unaonekana mzuri. Mpira wa namna hiyo hupitisha mafuta mguu unapokanyaga, lakini huyazuia kurudi.

Nne, likiwa zito hata baada ya hapo, tatizo si la mafuta. Achunguze pistoni iliyoshika kutu, pedi zilizokwama katika nafasi zake, au beringi iliyokazwa kupita kiasi.

Pedali laini, pedali ngumu

Dalili ya pili ni pedali laini kama sponji. Kila mmoja husema ni upepo, na huenda ni kweli, lakini swali ni kwa nini upepo hautoki hata baada ya kazi ya saa nzima. Jambo la kutazama kwanza ni kama kalipa ya kulia imefungwa kushoto na ya kushoto kulia. Kalipa hizo huweza kukaa vizuri kabisa, ila skrubu ya kutolea upepo huwa chini badala ya juu. Kwa kuwa hewa hupanda, itabaki juu ya pistoni hata fundi akimaliza kopo zima la mafuta.

Pedali ikishuka sana lakini ikapanda baada ya kukanyagwa mara mbili tatu, yatazamwe pia magurudumu ya nyuma. Viatu vya dramu vikiwa mbali na dramu, sehemu kubwa ya mwendo wa pedali hupotea katika kuvisogeza, na diski mpya za mbele hulaumiwa bure. Pedali inayoshuka polepole wakati mguu umetulia juu yake huashiria uvujaji, ama nje ama ndani ya masta silinda.

Dalili ya tatu ni kinyume chake: pedali ni ngumu na gari halitaki kusimama. Hapa hesabu husaidia. Tuseme masta silinda yenye kipenyo cha milimita 17.5 imeondolewa na kuwekwa ya milimita 19. Eneo la pistoni huongezeka kutoka takriban milimita za mraba 240 hadi 283. Kwa nguvu ileile ya mguu, shinikizo linalofika kwenye magurudumu hupungua kwa asilimia 15 hivi. Silinda kubwa husukuma mafuta mengi zaidi, lakini humdai dereva nguvu zaidi, na Beetle kwa kawaida halina kifaa cha kuusaidia mguu.

Vilevile, pedi mpya huhitaji kuzoeana na diski kabla ya kutoa nguvu yake yote. Tone moja la grisi au mafuta ya breki juu ya pedi hulifanya gari livute upande mmoja. Pedi iliyolowa mafuta haifai kusafishwa na kurudishwa. Ibadilishwe, na ibadilishwe pamoja na mwenzake wa upande wa pili.

Mafuta na majaribio

Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na unyevu hushusha kiwango chake cha kuchemka. Kwa mujibu wa viwango vya kimataifa, mafuta mapya ya DOT 3 hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi joto 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho huruhusiwa kushuka hadi 140. Kwa DOT 4 ni nyuzi 230 na 155. Kufunga diski mpya na kuacha mafuta ya miaka mingi ndani ya mabomba ni kuidhoofisha kazi nzima. Mafuta ya silikoni, yaani DOT 5, yasichanganywe kamwe na hayo mengine.

Jambo la mwisho ni uwiano wa mbele na nyuma. Gari likifunga breki, uzito huegemea mbele, na magurudumu ya nyuma yakiganda kabla ya yale ya mbele gari huweza kugeuka na kutazama lilikotoka. Kwa hiyo mtu asiongeze ukubwa wa silinda za nyuma kwa sababu tu za mbele zimeongezwa nguvu.

Majaribio yaanzie kwenye uwanja tambarare usio na watu, kwa mwendo wa kutembea, kisha mwendo uongezwe hatua kwa hatua. Baada ya kilomita chache dereva asimame na kulinganisha joto la habu za kushoto na kulia kwa kusogeza kiganja karibu bila kugusa. Upande mmoja ukiwa wa moto zaidi, gari lirudi kwenye stendi. Anayebadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja na kukipima atajua alichotibu. Anayebadilisha vitano kwa pamoja hatajua ni kipi kimemponya, wala ni kipi kitakachomsaliti atakapofika mteremkoni.