Kansa ya Tumbo: Tunachorithi na Tunachoweza Kuzuia

Msibani, baada ya mazishi, husikika maneno haya: "Kansa iko kwenye damu ya ukoo ule." Baba alifariki kwa saratani ya tumbo, shangazi akafuata, na sasa kaka mkubwa analalamika kiungulia na nguo zinampwaya. Jamaa huinamisha vichwa kana kwamba hukumu imeshasomwa na kilichobaki ni kila mtu kusubiri zamu yake. Utafiti wa robo karne iliyopita unawapa watu hawa jibu lenye matumaini zaidi. Ni kweli kuna kitu kinachorithiwa. Lakini katika familia nyingi kitu hicho hakina nguvu kubwa mpaka kikutane na mdudu anayeweza kupimwa na kuuawa kwa dawa.

Mdudu mwenyewe ni bakteria aitwaye Helicobacter pylori, ambaye wengi wamekutana na jina lake la kifupi, H. pylori, kwenye majibu ya maabara. Robin Warren na Barry Marshall walimtambua mjini Perth, Australia, mwaka 1982. Madaktari wenzao walishikilia kwamba vidonda vya tumbo huletwa na mawazo na asidi, hivyo mwaka 1984 Marshall alikunywa kimiminika chenye bakteria hao na tumbo lake likaugua. Mwaka 1994 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilimweka bakteria huyo katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, pamoja na moshi wa sigara. Warren na Marshall walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005.

Swali moja lilibaki. Karibu nusu ya binadamu wote wanaishi na bakteria huyu, na wengi humpata utotoni, nyumbani kwao. Walio wengi hawaugui kamwe. Kati ya watu 100 wenye maambukizi, takriban 10 hupata vidonda, na mmoja hadi watatu hupata saratani. La kushangaza zaidi ni kwamba mwenye kidonda cha duodeni, yaani mwanzo wa utumbo mwembamba, ni nadra kupata saratani ya tumbo. Mdudu ni yule yule, ila matumbo hufuata njia mbili: moja hutoa asidi kupita kiasi, jingine hukaukiwa na asidi. Saratani hupitia njia hiyo ya pili. Nini kinaamua njia ya kila mmoja?

Jibu lilianza kutafutwa kwenye mchochota, namna mwili unavyopambana na adui au jeraha. Mishipa ya damu hutanuka, chembe nyeupe humiminika mahali pale, na sehemu hiyo huwa nyekundu, hupata joto, huvimba na kuuma. Kidole kikikatwa, kazi hiyo huisha kwa siku chache. Lakini H. pylori hujificha ndani ya ute wa tumbo, na kinga ya mwili peke yake kwa kawaida haimwondoi. Mapambano hudumu miaka 30 au 40. Chembe nyeupe hutoa kemikali kali za kuua bakteria, na kemikali hizo hizo huharibu DNA ya seli za tumbo. Seli zilizokufa lazima nafasi zao zijazwe, hivyo zilizobaki hugawanyika upesi, na kila zinapogawanyika kosa la kunakili laweza kutokea. Mjerumani Rudolf Virchow alihisi uhusiano wa mchochota na saratani tangu mwaka 1863, alipoona chembe nyeupe za damu ndani ya uvimbe wa saratani.

Mwaka 2000 Emad El-Omar na wenzake walichapisha katika jarida la Nature utafiti uliounganisha mambo haya na urithi. Waliichunguza jeni inayotengeneza intalukini-1 beta, mojawapo ya protini za kwanza zinazoamsha mchochota. Protini hii ina kazi nyingine kubwa: huzuia vikali utoaji wa asidi tumboni. Watu hutofautiana kidogo katika jeni hiyo. Kwenye sehemu inayoitangulia, ile inayoamua itumike kwa kiasi gani, herufi moja ya DNA yaweza kuwa hii kwako na nyingine kwa jirani yako. Ni kama koki mbili za bomba moja: maji hayabadiliki, ila moja hufunguka kidogo na nyingine huyaachia yafoke. Miongoni mwa watu wa Poland waliochunguzwa, wenye aina za jeni zinazodhaniwa kuongeza protini hiyo walikuwa na uwezekano wa takriban mara mbili hadi tatu wa kuwa na saratani ya tumbo.

Mtiririko wake unaeleweka. Mtu mwenye aina hizo za jeni akiambukizwa, intalukini hupanda na asidi hushuka. Asidi ikishuka, bakteria aliyekuwa amejibana sehemu ya chini huenea tumbo zima, na mchochota huenda naye. Tezi zinazotoa asidi hunyauka, asidi huzidi kupungua, na seli hubadilika hatua kwa hatua kuelekea saratani. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walionyesha kwamba panya waliopandikizwa jeni ya binadamu ya intalukini-1 beta tumboni walipata mchochota, na baadhi yao saratani, hata bila bakteria.

Ushahidi wenye uzito zaidi kwa familia ulitoka Uskoti. El-Omar na wenzake waliwapima ndugu wa karibu wa wagonjwa wa saratani ya tumbo. Asilimia 27 ya ndugu hao walikuwa na upungufu wa asidi, ilhali kwa watu wengine ilikuwa asilimia 3 tu. Upungufu huo ulionekana kwa wale tu waliokuwa na H. pylori. Walipotibiwa bakteria akaisha, mchochota ulitulia kwa wote, na nusu yao asidi ilirudi na tezi zilizonyauka zikapona. Urithi wao ulibaki vile vile, na bado matumbo yao yalipata nafuu.

Jeni za namna hii hujumlishana. Mwaka 2003 watafiti hao waliongeza jeni nyingine za mchochota, zikiwamo za TNF-alfa na intalukini-10. Mwenye aina moja ya kuchochea alikuwa na uwezekano wa karibu mara tatu, mwenye mbili zaidi ya mara tano, na mwenye tatu au nne mara 27. Namba ya mwisho ilitokana na watu wachache, hivyo isishikwe kama kipimo kamili. Tafiti zilizofuata pia hazikukubaliana zote, na katika baadhi ya nchi za Asia uhusiano ulikuwa dhaifu. Aina ya bakteria, chumvi nyingi kwenye chakula na sigara navyo vina sehemu yake.

Kwa sababu hiyo hakuna haja ya kukimbilia kulipia kipimo cha jeni za mchochota. Aina hizi zinabebwa na watu wengi mno, na zikitazamwa peke yake hazimwambii daktari afanye nini. Ni tofauti na jeni adimu zenye nguvu kubwa kama CDH1, iliyotambuliwa mwaka 1998 katika familia ya Wamaori wa New Zealand. Wenye hitilafu ya jeni hiyo hushauriwa hata kuondolewa tumbo lote.

Kilichothibitika ni faida ya kutibu. Mwaka 2020 watafiti wa Korea Kusini walitoa matokeo ya watu 1,676 wenye H. pylori ambao mzazi, ndugu au mtoto wao aliugua saratani ya tumbo. Nusu walipewa dawa, nusu dawa bandia. Baada ya takriban miaka tisa, saratani iliwapata asilimia 1.2 ya waliotibiwa na asilimia 2.7 ya wasiotibiwa. Dawa zilizotumika ni za wiki moja tu.

Jambo hili linatuhusu. Wingi wa saratani ya tumbo katika maeneo ya Mlima Kilimanjaro uliandikwa na wataalamu tangu miaka ya 1980, na maambukizi ya H. pylori yameenea kote Afrika Mashariki. Tafiti nyingi za jeni hizi zimefanyika Ulaya na Asia. Vyuo vyetu vya tiba vinapaswa kuwachunguza watu wetu, kwa bakteria wetu na vyakula vyetu.

Wewe ambaye mzazi au ndugu yako aliugua saratani ya tumbo, usisubiri utafiti huo. Mweleze daktari historia ya familia yako na uombe kupimwa H. pylori kwa kinyesi au kwa pumzi. Ukikutwa naye, maliza dozi yote, kisha upimwe tena, angalau wiki nne baada ya dawa, kuhakikisha ameisha. Usikae miaka ukinunua dawa za kiungulia dukani bila kujua kinachokuumiza. Na ukipata choo cheusi, ukitapika damu au ukikonda bila sababu, nenda hospitali mara moja, uwe na historia hiyo au usiwe nayo.