Corona ilivyoanika pengo la intaneti kati ya Kitengela na Kajiado

Jioni ya Aprili 6, 2020, Rais wa wakati huo Uhuru Kenyatta alipopiga marufuku safari za kuingia na kutoka Nairobi na viunga vyake, alichora mstari uliopita katikati ya Kaunti ya Kajiado. Kwa mujibu wa agizo hilo la kukabili virusi vya corona, miji ya Ongata Rongai, Ngong, Kiserian na Kitengela ilihesabiwa kuwa sehemu ya jiji. Isinya, mji wa Kajiado, Bissil, Namanga na Loitokitok zikabaki nje.

Amri hiyo ilidumu miezi mitatu, hadi Julai 7. Katika muda huo mkazi wa Kitengela hakuweza kusafiri hadi makao makuu ya kaunti yake mwenyewe, naye mfugaji wa Bissil hakuweza kumpeleka mbuzi wake kwa mnunuzi aliyemzoea jijini. Kafyu nayo ilikuwa imekwisha kuanza tangu Machi 27. Njia iliyobaki wazi baina ya pande hizo mbili ilikuwa simu.

Hapo ndipo ilipodhihirika kwamba mstari wa polisi ulikuwa umekaribiana mno na mstari mwingine wa tangu zamani, ambao haukuwekewa vizuizi wala askari. Ni ule unaowatenganisha wenye intaneti ya kutegemewa na wasio nayo.

Sababu ya mstari huo wa pili ni hesabu za biashara. Sensa ya 2019 ilipata watu zaidi ya 150,000 mjini Kitengela. Wengi wao ni wapangaji wanaofanya kazi Nairobi au katika viwanda vya Athi River, na wamesongamana katika majumba ya ghorofa ambamo ukoo mzima wa wateja hupatikana kwa mlango mmoja. Kaunti nzima ilikuwa na watu milioni 1.1 waliotawanyika katika eneo la karibu kilomita mraba 22,000, yaani wastani wa watu wapatao 51 kwa kila kilomita mraba. Ukiondoa miji minne iliyomo ndani ya mstari wa Nairobi, wastani huo unashuka sana.

Mnara wa simu haujali idadi hiyo. Unahitaji kiwanja, umeme au jenereta, mlinzi, na njia ya kuuunganisha na mitambo mikuu, uwe unahudumia watu 10,000 au 300. Ndiyo maana kampuni za simu hushindania wateja Kitengela kwa mabango na punguzo za bei, ilhali katika nyanda za mbali na barabara mchungaji hulazimika kupanda kilima ili azungumze. Hata penye mawimbi, mara nyingi huwa ni yale ya kizazi cha pili, yanayotosha kupiga simu na kutuma ujumbe mfupi lakini hayawezi kubeba somo la video.

Serikali haikuwa imelala usingizi. Tangu miaka ya 2000 ilikuwa ikitandaza nyaya za faiba kote nchini kupitia mradi unaojulikana kama NOFBI, ambao awamu yake ya pili ilikusudiwa kuyafikia makao makuu ya kaunti zote 47. Barabara ya kuelekea Namanga ni miongoni mwa njia zilizopitiwa, kwa kuwa inaelekea mpakani. Lakini faiba ya aina hiyo ni mithili ya bomba kubwa la maji linalopita kando ya kijiji. Bila mifereji ya kuingia nyumbani, wanakijiji husikia tu kwamba maji yapo. Ofisi ya kaunti ikaunganishwa, nyumba iliyo kilomita chache kutoka kwenye lami ikabaki ilivyokuwa.

Corona iliikuta nchi katika hali hiyo. Kisa cha kwanza kilitangazwa Machi 13, 2020, na aliyeambukizwa alikuwa mkazi wa papo hapo Kajiado, katika mji wa Ongata Rongai. Siku mbili baadaye serikali iliagiza shule zote zifungwe. Taasisi ya Kuimarisha Mitaala, KICD, ilielekeza masomo kwenye redio ya KBC, runinga na mtandao wake wa kujifunzia. Kwa haraka iliyokuwepo, huo ulikuwa mpango wa maana. Kasoro yake ilikuwa kwamba ulidhani kila nyumba inafanana na nyumba ya aliyeuandika.

Takwimu zilikuwa mezani tayari. Sensa ya mwaka uliotangulia ilionyesha kuwa asilimia 56.9 ya nyumba nchini zilikuwa na redio, asilimia 40.7 runinga, na asilimia 17.9 pekee intaneti. Nusu ya nyumba zilitumia umeme kwa mwangaza. Hizo ni takwimu za taifa zima, Nairobi ikiwemo, na mtu hahitaji kuwa mtaalamu kutambua kwamba nyanda za Mashuuru haziwezi kuwa juu ya wastani huo. Miezi michache baadaye, shirika la Usawa Agenda lilichunguza hali ya wanafunzi waliokuwa nyumbani na kupata kwamba ni watoto 22 tu katika kila 100 waliokuwa wakifuata masomo kwa njia za kidijitali.

Wanafunzi wa Gredi ya Nne, Darasa la Nane na Kidato cha Nne walirejea shuleni Oktoba 12, 2020. Waliosalia walingoja hadi Januari 4, 2021. Kwa mtoto wa Kitengela aliyekuwa na simu ya mzazi na hela ya bando, ilikuwa miezi tisa ya masomo ya kubahatisha. Kwa mwenzake wa ng'ambo ya mstari, mara nyingi ilikuwa miezi tisa ya kuchunga mifugo.

Hata hivyo, si kila agizo la kipindi hicho lililogonga mwamba. Lililofaulu zaidi lilitoka Benki Kuu ya Kenya Machi 16, 2020. Benki hiyo ilikubaliana na kampuni za simu na benki kwamba kutumiana pesa zisizozidi Sh1,000 kusitozwe ada, na kiwango cha juu cha kutuma kwa mara moja kikapandishwa hadi Sh150,000. Lengo lilikuwa kupunguza kushikana noti, ambazo zilihofiwa kusambaza virusi. Mwanzoni hatua hiyo ilipaswa kukoma Juni, lakini iliongezwa hadi Disemba 31, 2020.

Inafaa kutazama kwa nini agizo hilo lilifika Bissil siku ile ile lililofika Kitengela. Huduma ya pesa kwa simu haihitaji intaneti. Husafiri juu ya mawimbi hayo hayo hafifu ya kizazi cha pili, kwa kubonyeza tarakimu chache, na hufanya kazi hata kwenye simu ndogo ya vitufe ambayo vijana huiita mulika mwizi. Hakuna kifaa kipya kilichohitajika, hakuna mnara uliojengwa. Serikali ilipunguza tu bei ya kitu ambacho mwananchi alikuwa nacho mfukoni. Kijana aliyefungiwa Kitengela angeweza kumtumia mamake Sh500 za unga, na zikamfikia Sh500 kamili.

Ukilinganisha na hatua iliyovuma zaidi magazetini, tofauti inajitokeza. Machi 23, 2020 Rais Kenyatta alitangaza kwamba maputo ya kampuni ya Loon, iliyomilikiwa na Alphabet ambayo pia ni mama wa Google, yameruhusiwa kuruka katika anga ya Kenya ili kusambaza intaneti ya 4G kwa ushirikiano na Telkom Kenya. Kampuni hizo mbili zilikuwa zimetangaza mkataba tangu 2018, na ilichukua janga la dunia nzima ili idhini ikamilike.

Maputo hayo yalielea kilomita zipatazo 20 juu, mbali kabisa na njia za ndege za abiria, yakitumia nishati ya jua. Kituo cha ardhini kilirusha mawimbi hadi kwenye puto moja, nalo likayapokeza kwa jingine, kisha yakashuka hadi kwenye simu ya mteja. Hayakuwa na injini ya kuyasukuma. Yalipanda na kushuka kutafuta upepo unaoelekea yanakotaka, mfano wa jahazi linalotega tanga. Waziri wa Teknolojia ya Habari na Mawasiliano wa wakati huo, Joe Mucheru, aliongoza uzinduzi huko Radad, Kaunti ya Baringo, mapema Julai 2020. Maputo kama 35 yalitarajiwa kuhudumia eneo la karibu kilomita mraba 50,000 magharibi na katikati mwa nchi.

Narok, jirani wa Kajiado, ilikuwa kwenye orodha ya maeneo yaliyotajwa. Kajiado haikutajwa. Isitoshe, huduma yenyewe ilimfaa mteja wa Telkom mwenye simu ya 4G, na mtu wa namna hiyo ni nadra mahali ambapo 4G haijawahi kufika. Januari 2021 Alphabet ilitangaza kuivunja Loon kwa sababu haikupata njia ya kushusha gharama kiasi cha kuendesha biashara ya kudumu. Huduma ya Kenya ilizimwa Machi mwaka huo, hata mwaka mmoja wa kazi haujatimia. Ubunifu wake haukuwa na dosari. Wahandisi walitatua tatizo la upepo, lakini tatizo la wateja wachache wenye kipato kidogo lilibaki pale pale lilipokuwa, ardhini.

Tatizo hilo la ardhini lina dawa yake katika sheria, na dawa hiyo haikusubiri corona. Marekebisho ya Sheria ya Habari na Mawasiliano ya 2009 yalianzisha Hazina ya Huduma kwa Wote, ambayo husimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano nchini. Kampuni zenye leseni huchangia asilimia 0.5 ya mapato yao ya kila mwaka, na fedha hizo hutumiwa kulipia minara na huduma mahali ambapo soko halina faida. Utafiti wa mamlaka hiyo wa 2016 ulipata kata ndogo 164 ambazo hazikuwa na mawimbi ya simu hata kidogo. Hazina ilianza kwa kujenga minara katika baadhi yake, na pia iliunganisha mamia ya shule za upili za umma na intaneti.

Kuunganisha shule kulikuwa jambo jema ambalo lilikutana na ajali isiyotarajiwa. Corona ilipozuka, intaneti ilikuwa shuleni na wanafunzi walikuwa nyumbani. Malango yalifungwa, nyaya zikabaki ndani. Pengine hakuna mfano unaoonyesha wazi zaidi jinsi sera iliyobuniwa kwa ajili ya siku za kawaida inavyoweza kukosa mtu wa kumhudumia siku ya dharura.

Kuna upande mwingine wa suala hili ambao hautajwi sana na wanasiasa, nao ni ushuru. Sheria ya Fedha ya 2018 iliweka ushuru wa bidhaa wa asilimia 15 kwenye huduma za simu na intaneti. Corona ilipoanza, serikali ilipunguza VAT kutoka asilimia 16 hadi 14 kuanzia Aprili 1, 2020, lakini ushuru wa bidhaa kwenye bando haukuguswa. VAT ilirejeshwa palepale Januari 1, 2021. Kisha Julai 2021, wakati hospitali zingali zinapokea wagonjwa, ushuru wa bidhaa kwenye simu na intaneti ulipandishwa hadi asilimia 20.

Athari yake haikuwa sawa kwa pande mbili za mstari. Mteja wa Kitengela mwenye faiba nyumbani hulipa kiwango kimoja kwa mwezi, na watu watano wakaitumia bila kuhesabu. Mwenzake wa mashambani hununua bando dogo la siku moja, ambalo kwa kila megabaiti huwa ghali zaidi. Ushuru unaotozwa kwa asilimia humfuata huyo wa pili kwenye bei yake ya juu. Ni vigumu kuelewa kwa nini serikali ile ile iliyokuwa ikiwahimiza wananchi kusoma na kufanya kazi kwa mtandao iliona huo ndio wakati wa kuongeza bei yake. Kiwango hicho kilirudishwa asilimia 15 na Sheria ya Fedha ya 2023.

Kabla ya hapo Kajiado ilikuwa imefungwa mara ya pili. Machi 26, 2021 Rais Kenyatta aliziunganisha kaunti za Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru kuwa eneo moja lililozuiwa kutoka nje, hadi Mei 1. Safari hii mstari ulizunguka kaunti nzima, na mtu wa Kitengela angeweza kwenda Namanga bila kuulizwa. Mstari wa intaneti haukusogea. Ulibaki Kitengela.

Tangu 2022 serikali ya Rais William Ruto imekuwa ikizungumzia kutandaza kilomita 100,000 za faiba na kuweka vituo 25,000 vya intaneti ya bure, hasa masokoni. Starlink, kampuni ya Marekani inayorusha intaneti kutoka kwenye setilaiti, iliingia Kenya Julai 2023. Kwa mara ya kwanza mfugaji wa Mashuuru aliweza kupata kasi ile ile ya mjini bila kungoja mnara, mradi awe na zaidi ya Sh80,000 za kununulia vifaa, bei ambayo baadaye ilishushwa. Setilaiti nazo zina kikomo cha wateja zinaoweza kuwahudumia katika eneo moja. Novemba 2024 Starlink ilisitisha kusajili wateja wapya Nairobi na kaunti jirani kwa kuwa nafasi zilikuwa zimejaa, na haikufungua tena hadi 2025. Kajiado ilikuwa miongoni mwa kaunti hizo.