Jina la Nani Limeandikwa?



Siku moja darasani hapa Kawetele tuliweka vitabu kando. Tukachora mstari katikati ya ubao. Upande mmoja tuliandika "Kazi", upande wa pili "Mali". Kisha tukauliza: kazi hii anafanya nani? Na mali hii anaiamulia nani?

Upande wa kazi ulijaa upesi. Kuchuma majani ya chai: mama na watoto. Kuyabeba mpaka kwenye mizani: mama. Kuteka maji, kutafuta kuni: mama. Kukata majani ya ng'ombe: wote. Tulipofika upande wa mali, darasa likanyamaza kidogo. Shamba: baba. Ng'ombe: baba. Fedha za chai: baba, kwa sababu jina lililoandikwa ni lake. Ndizi za kuuza sokoni Tukuyu: mama. Hapo mzee mmoja akadakia, "Lakini mkungu ukiwa mkubwa, huo ni wangu!" Watu wakacheka. Akina mama walicheka kidogo tu.

Hatusemi kwamba akina baba hawafanyi kazi. Kulima miteremko yetu hii kwa jembe la mkono siyo mchezo. Sisi tunazungumza habari ya jina. Baba akiwa hai na watu wanapatana, jina halimsumbui mtu. Taabu huanza baba akifariki, au akitaka kuuza shamba kimyakimya. Mama aliyechuma chai miaka ishirini huambiwa ati, "Wewe ulikuja hapa kuolewa tu."

Je, sheria inasemaje? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema mke anaweza kuwa na mali yake mwenyewe. Tena nyumba wanamoishi mume na mke haiwezi kuuzwa wala kuwekwa rehani na mmoja bila mwenzake kukubali. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango wa mke katika kupata mali ya ndoa. Kabla ya hapo majaji wengine waliona huo ni wajibu wake tu, hauhesabiwi.

Ikaja Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika mwaka 2001. Mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi haina nguvu mbele ya sheria hiyo. Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe 7, na 3 kati yao lazima wawe wanawake. Hati ya hakimiliki ya kimila inaweza kuandikwa majina ya mume na mke pamoja. Kwa wanaokaa mjini, Sheria ya Ardhi ya mwaka huohuo nayo inampa mwanamke haki sawa na mwanamume. Kwenye urithi ndiko kugumu zaidi, maana huko mila bado hutumika mpaka mahakamani. Kwa hiyo jina ni afadhali liandikwe mapema, wote wawili wakiwa hai.

Baada ya somo, mume na mke mmoja walibaki nyuma kutuuliza hati ya majina mawili huombwa wapi. Tuliwaambia waanzie kwa mtendaji wa kijiji chao. Waliondoka wakibishana jina la nani litangulie.