Paka wa Pili

Nyumba nitakayowahadithia, wanangu, iko Kuze, Mji wa Kale wa Mombasa, hatua chache kutoka Marikiti. Babu ndiye aliyelipa kodi na Nyanya ndiye aliyeshika funguo, lakini aliyeamua nani akalie mkeka upi ukumbini alikuwa Iliki, paka jike wa rangi ya majivu. Aliokotwa zamani kwenye mafungu ya viungo akiwa mdogo kuliko kiganja, na tangu hapo hakuwahi kugawana nyumba na paka mwingine.

Mnaijua Marikiti. Jengo la soko lilijengwa 1914, zama za Waingereza, likaitwa kwa jina la Mackinnon. Midomoni mwa watu limebaki Marikiti. Na panapouzwa chakula pana panya, penye panya pana paka, basi paka wa Marikiti hawana idadi.

Siku moja binti wa nyumba ile alitumwa ndimu na pilipili. Akasikia hamali anapaza sauti, "Pisha! Pisha!" kisha mkokoteni ukasimama ghafla. Mbele ya gurudumu palikuwa na kitoto cha paka, macho yamegandana kwa tongo. Binti akainama amnyakue. Mama muuza mboga akamshika mkono.

"Mwanangu, ngoja kwanza. Mamake yuko."

Hapo mama yule alisema jambo kubwa. Paka akienda kutafuta chakula huwaacha watoto peke yao kwa muda mrefu, na wapita njia wenye huruma huwachukua wakidhani wametupwa. Kinga bora ya kitoto ni maziwa ya mamake. Kwa hiyo alisogezwa pembeni, mbali na magurudumu, akaangaliwa kwa mbali. Jioni mama paka alikuja, akawabeba watoto wawili wengine kwa meno mpaka juu ya mapaa, na huyu akamruka. Kesho yake bado alikuwa palepale, amelegea. Sasa ndipo alipotiwa kikapuni.

Nyumbani, Nyanya alimkaribisha kwa moyo mmoja. Watoto wa chuoni mnajua kisa cha sahaba Abu Qatada, aliyekiinamisha chombo cha maji ya udhu ili paka anywe, akaeleza kuwa Mtume amefundisha kwamba paka si najisi, ni katika wale wanaotuzungukazunguka. Katika nyumba za Mji wa Kale mafundisho hayo yamewafungulia paka milango kwa karne nyingi.

Lakini Iliki hakuwa na habari ya ukarimu huo. Alinusa pindo la gauni la binti, mkia ukafura, akafoka, akakimbilia juu ya kabati. Babu akasema kile ambacho wengi wangesema: "Fahali wawili hawakai zizi moja. Mrudisheni."

Hapa ni lazima nisimame niwaeleze, maana watu wengi humwonea paka wa kwanza. Humwita mwenye wivu, mwenye roho mbaya, wakampiga kwa kandambili. Si hivyo. Paka wote wa majumbani, wa Mombasa na wa London, wanatokana na paka pori wa Mashariki ya Kati; wanasayansi walilithibitisha hilo 2007 kwa kuchunguza vinasaba vyao. Ndugu zake paka pori huyo wangali wanaishi nyikani huku kwetu Kenya. Naye huwinda peke yake. Panya mmoja hawashibishi wawili, kwa hiyo kila mmoja hulinda eneo lake. Mbwa ni tofauti, kwani asili yake ni mbwamwitu wanaowinda kwa kundi. Ndiyo maana mwenye mbwa akileta wa pili huwakutanisha nje, mahali pasipo pa yeyote, wakatembezwa pamoja. Ukijaribu hivyo kwa paka utawapoteza wote wawili.

Tena paka huijua nyumba yake kwa pua. Mnapomwona anasugua shavu kwenye mlango au kwenye mguu wako, anaacha harufu yake, na harufu hiyo humwambia kwamba hapa ni kwake, pako salama. Fikirini basi harufu ngeni ilivyomwingia Iliki siku ile. Hakuwa na chuki. Alikuwa na hofu.

Binti alikwenda kwa daktari wa mifugo na kitoto kile, akarudi na dawa ya macho, dawa ya minyoo na maagizo. La kwanza: maziwa ya ng'ombe basi, maana paka wengi huwaharisha; apewe samaki aliyechemshwa na kutolewa miiba. La pili: akae chumba cha peke yake, na karai lake la mchanga na bakuli lake, mpaka viroboto na maradhi yaishe. Stoo ikafagiliwa. Wakamwita Bizari.

Kisha ikaanza kazi ya leso. Nyanya alipasua leso kuukuu vipande viwili, kimoja akalalia Iliki na kingine Bizari, na kila baada ya siku chache vikabadilishwa. Mwanzo Iliki alikizunguka kile cha mgeni kwa mbali. Baadaye akakinusa. Baadaye akakilalia. Bakuli zao zikawekwa pande mbili za mlango uliofungwa, ili harufu ya mwenzake ije pamoja na dagaa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa paka hesabu hiyo haitoshi. Huenda wiki, huenda miezi, na anayepanga siku ni yule wa kwanza.

Mlango ulipofunguliwa kidogo, Iliki alifoka tena. Hakuna aliyemgombeza. Paka anayefoka anasema "usinikaribie", na akisikilizwa hana haja ya kupiga kucha. Bizari alijifunza upesi.

Alipotimiza miezi mitatu alichanjwa kichaa cha mbwa, na Iliki naye akachanjwa upya. Msidanganywe na jina: ugonjwa huo humpata paka pia, na dalili zikishatokea kwa mtu, karibu kila mara ni mauti. Ukiumwa au kukwaruzwa na mnyama usiyemjua, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, umwambie mkubwa akupeleke hospitali siku ileile. Usinyamaze kwa kuogopa kugombezwa.

Mnataka kujua kama walipendana? Hawalali pamoja hata leo. Iliki ana roshani na mkeka wa Babu. Bizari ana jikoni na ngazi. Wakipishana hunusana pua kwa pua, kila mmoja akaenda zake. Kwa paka huo ni ujirani mwema, na nyumba ile imetosheka nao.

Mamake Bizari yuko Marikiti. Paka jike huweza kushika mimba hata hajafika miezi sita, na kila baada ya miezi miwili hivi ya mimba akazaa wengine, kwa hiyo binti hakuridhika kumwokoa mmoja. Yule hamali alimnasa kwa dagaa, daktari akamfunga kizazi na kumkata ncha ya sikio akiwa usingizini, ili atakayemwona ajue ameshafanyiwa asimtaabishe tena. Alipopona alirudishwa sokoni, kwa kuwa hakuzoea watu. Mama muuza mboga humwekea maji.