Hesabu Kilo Kabla ya Viti

Mwenye kuuza gari huanza na viti. Atafungua mlango wa Noah, atakunja kiti cha nyuma na kukikunjua tena, akuonyeshe kwamba watu wanane wanakaa bila kubanana. Ni kweli, wanakaa. Lakini familia ya Kasongo inayokwenda msibani Kabambare haiendi mikono mitupu. Kuna gunia la mchele, mabido mawili ya mawese, magodoro, kuku, na mgonjwa atakayeombewa nafasi njiani.

Tupige hesabu. Watu wanane wa kilo 60 ni kilo 480. Bido la lita 20 la mawese lina kama kilo 18, maana mafuta ni mepesi kuliko maji. Ongeza gunia la kilo 100 na tayari umepita kilo 600. Huko Japani, ambako magari haya hutengenezwa, uzito wa gari la abiria lililojaa huhesabiwa kwa kilo 55 kwa kila mtu. Watu wanane ni kilo 440. Gunia halimo katika hesabu hiyo.

Kilo zinazozidi huonekana chini ya gari. Springi zinalala, na tumbo lililokuwa juu ya ardhi kwa sentimeta 15 hivi linashuka. Barabara zetu zimechimbwa na malori. Magurudumu yao huacha mifereji miwili yenye tuta katikati. Gari dogo likiingia humo, tumbo hupanda juu ya tuta na magurudumu yakabaki yakielea. Gurudumu huvuta kwa kadiri linavyokandamiza ardhi. Uzito ukihamia tumboni, hata injini yenye nguvu za trekta haitakuondoa hapo. Ni jembe na mabega ya vijana wa kijiji.

Ndiyo maana hospitali, parokia na mashirika ya Maniema hushikilia Land Cruiser ndefu, ile yenye benchi mbili nyuma zinazotazamana. Tumbo lake liko juu kwa karibu sentimeta 23, na bodi yake imekaa juu ya chesi ya chuma iliyo peke yake. Nyuma imebebwa na vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Kimoja kikivunjika, fundi hukitoa na kupachika kingine. Hubeba takriban tani nzima. Si gari la starehe, na mtoto aliyekaa benchi la nyuma atalijua kila shimo kwa jina.

Gari hilo nalo lina mtego wake: paa. Chukua mfano wa gari ambalo magurudumu yake ya kushoto na kulia yameachana sentimeta 150, na kitovu cha uzito wake kiko sentimeta 75 juu ya ardhi. Lisiposogea, litaanza kupinduka likiinama nyuzi 45. Panga magunia juu ya paa hadi kitovu kifike sentimeta 100, na sasa nyuzi 37 zinatosha. Springi na mwendo huzipunguza zaidi. Mchele ukae sakafuni, godoro lipande juu.

Kuhusu uimara, swali langu la kwanza ni nani atalitengeneza likifia Salamabila au Wamaza. Injini ya 1HZ ya Land Cruiser, ambayo Toyota iliileta mwaka 1990, ina silinda 6 na lita 4.2, haina turbo, na pampu yake ya mazuti huendeshwa na meno ya chuma. Hewa hubanwa ndani ya silinda hadi joto lizidi nyuzi 500, mazuti yakirushwa humo yanawaka yenyewe. Umeme unaohitajika ni mdogo. Betri ikichoka, gari husukumwa likaitika. Injini mpya za dizeli hula mafuta machache zaidi, nakiri, lakini hurusha mazuti kwa mkandamizo unaozidi mara 1,500 ule wa hewa ya kawaida, kupitia vyuma ambavyo nafasi kati yake ni ndogo kuliko unene wa unywele. Tone la maji au chembe ya mchanga huvila. Na sisi hununua mafuta kwenye mabido kando ya njia! Maji ni mazito kuliko mazuti: acha bido litulie usiku kucha, umimine polepole, na yaliyo chini yabaki chini.

Usukani wa kulia, katika nchi inayopita kulia, ni hatari unapotaka kulipita lori, kwa kuwa dereva haoni mbele. Ukipata wa kushoto, chukua huo.

Fedha za Land Cruiser wengi hatuna. Hapa Kabambare ilipokuwa kituo cha misafara kati ya Ujiji na Kasongo ya Tippu Tip, mpagazi alibeba kilo 30 na zaidi kichwani. Leo familia nyingi huitegemea pikipiki, na kinga kwa mizigo ya karibu. Mwenye fedha za Noah tu, na safari zake haziutoki mji wa Kasongo, ainunue bila kusita. Kwa njia ya Kabambare wakati wa mvua, ningenunua pikipiki mbili imara.

Mwenye gari naye ajifunze upepo wa matairi. Gari la kilo 2,400 huweka kilo 600 kwenye kila gurudumu. Tairi lenye upepo wa kilo 2.5 hugusa ardhi kwa takriban sentimeta 240 za mraba; ukishusha hadi 1.5, linatandaza 400. Udongo wetu wa mfinyanzi una chembe bapa zinazoteleza zikilowa, na tairi lililotandazika huzama kidogo na kushika zaidi. Ukifika pakavu, jaza tena kabla ya kukimbia, la sivyo tairi litapata moto na kupasuka. Pampu ya mkono ya pikipiki inaingia kwenye tundu lilelile la tairi la gari. Iwekwe chini ya kiti cha dereva, na isiazimwe.