Mistari miwili, maswali mawili

Kwetu homa ina jina moja. Mtu anaamka mwili unamuuma, kichwa kizito, mdomo mchungu, na kabla hajapiga mswaki anatangaza, "Leo nina malaria." Hajapima popote. Hasemi kwamba anaihisi, anasema anayo. Nami nimelelewa hivyo. Utotoni mwangu kipimo kilikuwa kiganja cha mama kwenye paji la uso, na tiba ilikuwa klorokwini, vidonge vichungu vilivyotufanya tujikune usiku kucha. Mara nyingi tulipona, na kila aliyepona akahesabiwa kuwa ushahidi kwamba ilikuwa malaria kweli.

Mwaka 2004 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti uliofanyika katika hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania. Watafiti waliwafuatilia wagonjwa 4,474 waliolazwa na kutibiwa malaria kali, wakachunguza damu ya kila mmoja kwa hadubini. Waliokutwa na vimelea walikuwa 2,062. Hawakufika nusu. Linaloumiza zaidi ni hesabu ya vifo: wenye vimelea walikufa takriban 7 katika kila 100, na wasio na vimelea, waliokuwa wakitibiwa ugonjwa wasiokuwa nao, walikufa 12 katika kila 100. Ugonjwa wao wenyewe, uwe nimonia, uwe bakteria katika damu, uliendelea na kazi yake huku wao wakitundikiwa dripu ya kwinini.

Ndiyo maana mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani liliagiza kwamba, panapowezekana, kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza, dawa ifuate. Siku hizi hata zahanati isiyo na umeme ina kile kikasha cheupe cha plastiki. Unachomwa kidole, tone la damu linawekwa kwenye kitundu, matone ya kimiminika yanafuata, mnangoja dakika 15 au 20. Mstari mmoja penye herufi C, huna malaria. Mistari miwili, C na T, unayo. Kipimo hakimtafuti mdudu mwenyewe. Vingi vya vipimo hivi vinatafuta protini ambayo kimelea cha Plasmodium falciparum huimwaga kwenye damu. Tukumbuke hilo la protini, tutalirudia.

Sasa jiulize swali linaloonekana la kitoto: mistari miwili ikitokea, una uhakika kiasi gani kwamba una malaria?

Wengi, wakiwemo waliosomea udaktari, watakujibu kwa ubora wa kipimo. Kipimo ni sahihi kwa asilimia 95, basi una malaria kwa asilimia 95. Jibu hilo linasikika la haki kabisa, na si sahihi. Linajibu swali la mwenye kiwanda badala ya swali la mgonjwa. Mwenye kiwanda anaanza na watu ambao hali zao anazijua tayari: katika wenye vimelea 100, kipimo changu kinawakamata wangapi? Huo wataalamu wanauita usikivu wa kipimo. Katika wasio na vimelea 100, kinawaachia wangapi? Huo ndio umahususi. Mgonjwa aliyekaa kwenye benchi anaanzia upande wa pili. Yeye anaijua mistari. Asichokijua ni hali yake.

Tufanye hesabu, na tuifanye kwa vichwa vya watu badala ya asilimia, kwa sababu asilimia humponyoka hata mtu makini. Kipimo chetu cha mfano kinawakamata wenye vimelea 95 katika 100, na kinawaachia wasio navyo 95 katika 100. Tukipeleke kwanza kwenye kijiji cha bondeni, penye majaruba ya mpunga na mbu wa kutosha, ambako kati ya wagonjwa 1,000 wa homa, 400 wana vimelea. Kipimo kitawakamata 380 na kuwakosa 20. Wale 600 wasio na vimelea, kitawasingizia 30. Watakaoonyeshwa mistari miwili ni 410, na 380 kati yao ni kweli. Mhudumu akiwapa wote dawa mseto ya malaria, amekosea kwa wachache sana.

Sasa tupande na kikasha kilekile hadi mji wa milimani, wenye baridi, ambako kati ya wenye homa 1,000 ni 20 tu wenye vimelea. Kipimo kitawakamata 19, kitamkosa 1. Lakini wasio na vimelea huku ni 980, na kusingizia 5 katika kila 100 kunaleta watu 49. Jumla ya wenye mistari miwili ni 68, na wenye malaria kweli ni 19. Hawafiki hata theluthi. Kiwanda ni kilekile, mkono uliochoma kidole ni uleule, mistari imekolea vilevile, na maana yake imegeuka.

Nimeirudia hesabu hii mara nyingi, na bado naishangaa, ingawa mababu zetu waliijua bila karatasi. Dalili ya mvua ni mawingu. Lakini muulize mkulima: wingu la Aprili, masika yakiwa yamepamba moto, atalianulia mahindi mara moja; wingu hilohilo likitokea Julai atalitazama na kuendelea na kazi. Wingu ni moja, ila yeye analisoma juu ya kile anachokijua tayari kuhusu mwezi. Hesabu za namna hiyo ziliandikwa na mchungaji Mwingereza, Thomas Bayes, na zikachapishwa mwaka 1763, yeye akiwa amekwisha kufa.

Hapa lazima niwe mkweli kwa kipimo chenyewe. Hiyo 95 niliichagua ili hesabu isomeke. Je, vipimo vya kweli vinasingizia kiasi hicho? Takwimu za taifa zinatupa jibu kwa njia ninayoipenda. Katika utafiti wa viashiria vya malaria Tanzania wa mwaka 2017, watoto wa chini ya miaka mitano walipimwa kwa vikasha hivi nchi nzima. Kitaifa takriban 7 katika 100 walionyesha malaria. Kigoma walifika 24. Arusha, Kilimanjaro na Zanzibar hawakufika hata 1. Sasa fikiri. Kama kipimo kingekuwa kinasingizia 5 katika kila 100, Zanzibar tungeona 5 hata kama visiwani hakuna kimelea kimoja. Wasingiziwa hawawezi kuzidi jumla ya walioonyeshwa kuwa nayo. Kwa hiyo huko kipimo kinasingizia chini ya mtoto 1 katika 100.

Basi wasingiziwa wanatoka wapi? Turudi kwenye ile protini. Dawa mseto inaua vimelea kwa siku chache, lakini protini yao inaweza kubaki inazunguka kwenye damu kwa wiki kadhaa. Mtoto aliyetibiwa vizuri mwanzo wa mwezi, akipata mafua mwisho wa mwezi, anaweza kuonyesha mistari miwili kwa ugonjwa aliokwisha kupona. Umahususi, kumbe, si namba iliyogandishwa kwenye boksi. Nao hutegemea kikasha kimetua wapi na kwa nani.

Hapo ndipo wengi wanaposema: basi tupime mara mbili. Ni wazo zuri, lakini lina sharti. Ukirudia kikasha kilekile kwa mtoto yuleyule, protini ileile itakusingizia tena. Ni kama kumuuliza shahidi mmoja mara mbili ukasema una mashahidi wawili. Kipimo cha pili kinakuwa na thamani kikikosea kwa sababu zake chenyewe. Wachukue wale 68 wa milimani, uwapime kwa kipimo kingine chenye ubora uleule lakini kisicho na udhaifu uleule. Katika wale 19, 18 watabaki. Katika wale 49 waliosingiziwa, watabaki 2 au 3. Ghafla mistari inaaminika.

Kupima virusi vya Ukimwi kunafuata njia hiyo. Kwa miaka mingi Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mahali penye maambukizi zaidi ya asilimia 5, vipimo viwili tofauti vikikubaliana vinatosha kumwambia mtu kwamba ameambukizwa. Chini ya hapo, vitatu. Mwaka 2019 likashauri vitatu kila mahali. Vipimo havikuwa vimeharibika. Kilichobadilika ni watu waliokuwa wakija kupimwa: wengi wenye virusi walikuwa wamekwisha kujijua na kuanza dawa, na waliobaki kupimwa wakawa zaidi wale wasio navyo. Tanzania, utafiti wa 2022 na 2023 ulikuta asilimia 4.4 ya wenye miaka 15 na zaidi wana virusi. Ugonjwa unaposhuka, kipimo kilekile kinaanza kuhitaji mashahidi zaidi. Ni mzigo unaoletwa na mafanikio, nami naona tuubebe kwa furaha.

Liko jambo jingine ambalo hesabu hizi zote haziligusi. Mtoto wa bondeni anaweza kuwa na vimelea kweli, na homa yake ikatokana na kitu kingine. Mwaka 2008 watafiti waliwachunguza watoto 1,005 wenye homa, Dar es Salaam na Ifakara, wakitafuta kila chanzo. Malaria ilikuwa takriban 1 katika kila majibu 10. Yaliyoongoza ni maambukizi ya njia ya hewa, na mengi katika hayo ni ya virusi, yasiyohitaji dawa mseto wala antibiotiki. Wengine walikutwa na zaidi ya ugonjwa mmoja. Kwa hiyo mistari miwili haimruhusu mhudumu kuacha kuhesabu pumzi za mtoto.

Ndiyo maana siku hizi namsikiliza kwa sikio jingine muuguzi anayeuliza maswali yanayofanana na soga. Mama amefika Moshi na mtoto mwenye homa. Kipimo kimeonyesha mistari miwili. "Mama, mnakaa hapahapa?" Tunakaa hapa. "Mtoto amesafiri hivi karibuni?" Ndiyo, tulikwenda Kasulu, Kigoma, kumsalimia bibi yake, tumerudi wiki iliyopita. Jibu hilo limemshusha mtoto kutoka milimani hadi bondeni, akiwa amekaa kwenye benchi lilelile. "Na huko alitumia dawa ya malaria?" Mama anafungua mkoba, anatafuta kadi.