Gomesi la Mama Halikodishwi

Wanaolilia kupotea kwa mavazi ya asili ya harusi mashariki mwa Uganda wangeuliza kwanza asili hiyo ina umri gani. Kanzu ilipanda kutoka pwani pamoja na wafanyabiashara wa karne ya 19, ikaingia ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda. Gomesi, vazi la wanawake, ni changa zaidi. Lilishonwa mwanzoni mwa karne ya 20 na Caetano Gomes, fundi cherehani wa asili ya Goa, kwa wasichana wa shule ya Gayaza. Basoga huliita bodingi, yaani la shule ya bweni, hadi leo, utadhani bibi harusi anarudishwa bwenini. Mbale kanzu ilifika na Semei Kakungulu, jemadari wa Buganda, na watu wake; gomesi likafuata. Bagisu, wenyeji wa huko, waliuchukia utawala wao, ukaondoka, nguo zikabaki. Mgeni alifukuzwa, sanduku lake likahifadhiwa.

Basi maana yake haimo katika ukongwe wa kitambaa. Imo katika nani anamvika nani. Siku ya utambulisho, bwana harusi anapojulishwa rasmi kwa wakwe, upande wa mwanamume huleta gomesi la mama mzazi na jingine la shangazi, na kanzu ya baba. Mama aliyemlea binti analipwa heshima kwa nguo ya mita kadhaa, yenye mabega yaliyosimama, vifungo viwili kushoto na mshipi mpana kiunoni. Ni vazi la kupigia magoti: pana vya kutosha mtu kushuka chini bila kufichua kitu, na kwa mwanamke wa Busoga salamu ya heshima hutolewa akiwa chini.

Wala maana hiyo haitegemei nguo ya bibi harusi. Tarehe 18 Novemba 2023, Kyabazinga (mfalme wa Busoga) William Gabula Nadiope wa Nne alifunga ndoa na Jovia Mutesi katika kanisa kuu la Bugembe, Jinja. Bibi harusi alivaa gauni jeupe la kizungu, na Busoga haikuanguka.

Siku hizi bibi harusi hubadili mavazi mara kadhaa kwa siku moja, mushanana, vazi la magharibi mwa nchi, ikiwemo, na mengi ni ya kukodi. Sina ugomvi na hilo. Picha nazo zina haki zake. Lakini nguo ya kukodi hurudishwa Jumatatu, na zawadi hairudishwi. Vijana wa Jinja na Mbale, kodini mnachotaka kwa ajili ya kamera. Gomesi la mama mkwe linunueni.